Nafasi Alizozikataa Sidney Poitier

Muhula uliopita nilialikwa na rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upili, nikatazame mazoezi ya mchezo wa Kiingereza ambao wanafunzi wake walikuwa wakijiandaa kuupeleka kwenye mashindano ya tamthilia ya shule. Shule yenyewe sitaitaja, wala kaunti ilimo, kwa kuwa niliyoyaona huko yangeweza kuonekana popote nchini. Nilikaribishwa chai, nikapewa kiti cha mbele ukumbini, na kazi ya kuwachagua wahusika ikaanza.

Mvulana mmoja wa kidato cha pili alipanda jukwaani akasoma maneno ya daktari, mhusika mkuu wa mchezo huo. Alisoma kwa utulivu, akijua pa kupumua na pa kunyamaza, hata wenzake waliokuwa wakinong'onezana nyuma ya ukumbi wakatulia. Nilidhani shauri limekwisha. Kumbe la! Mwalimu alimshukuru, akampa udaktari mvulana mwingine mwenye Kiingereza cha puani, na huyu wa kwanza akakabidhiwa nafasi ya bawabu. Bawabu huyo huingia mara nne, huteleza, huangusha kofia, huyavuruga maneno, watu wakacheka naye akatoka. Kisa na maana? Lafudhi ya lugha ya mama ilikuwa nzito ulimini mwake.

Rafiki yangu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. "Mzee," aliniambia, "waamuzi huvipenda vichekesho vya namna hii. Na mtoto mwenyewe amefurahi." Ni kweli, mtoto alikuwa akicheka. Nikamwambia kwamba kulikuwa na kijana mwingine zamani aliyefukuzwa jukwaani kwa sababu ya lafudhi yake, naye akaja kuwa mwigizaji wa sinema ambaye ulimwengu mzima ulimjua. Jina lake Sidney Poitier. Rafiki yangu akafikiri kidogo, kisha akaniuliza huyo Poitier alikuwa nani.

Swali hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Sisi wa makamo tuliiona filamu yake ya mwalimu, To Sir, with Love, ukumbini mwa shule siku za Jumamosi, mashine ya sinema ikikatika kila baada ya dakika kumi nasi tukipiga miluzi gizani. Hatukujua kwamba maisha ya yule mwalimu wa kwenye pazia jeupe yalikuwa yamepita karibu sana na yetu, wala kwamba aliwahi kuchangia nauli ya vijana wa nchi hii.

Poitier alizaliwa Februari 20, 1927 mjini Miami, Marekani, kabla ya miezi yake kutimia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya kutoka Cat Island, kisiwa kimojawapo cha Bahamas, na walikuwa wamevuka bahari kwenda kuuza mazao yao. Kitoto kilikuwa kidogo mno hata baba akatafuta kisanduku cha viatu cha kukizikia. Mama alikataa kukata tamaa, na mtoto akaishi. Alikulia kisiwani pasipo umeme wala motokaa, na alipofika Nassau akiwa na umri wa miaka kumi hivi ndipo alipoliona gari kwa mara ya kwanza. Shuleni alikaa muda mfupi tu. Alipotimiza miaka 15 alipelekwa kwa ndugu yake mjini Miami, na mwaka uliofuata alikuwa mjini New York akiosha vyombo hotelini, akilala popote usiku ulipomkutia.

Siku moja, akitafuta kibarua katika gazeti, aliona tangazo la kundi la maigizo la watu weusi la American Negro Theatre lililokuwa likitafuta waigizaji. Akaenda. Alipewa karatasi asome. Alisoma kwa kudodosa, neno baada ya neno, tena kwa lafudhi nzito ya kisiwani kwao. Mkuu wa kundi, Frederick O'Neal, alimnyang'anya karatasi, akamtoa nje na kumwambia aache kuwapotezea watu wakati, aende akaoshe vyombo. Poitier alisimulia baadaye kwamba lililomchoma moyoni ni kuwa bwana yule hakuwa amemwuliza kazi yake. Alijuaje kwamba yeye ni muosha vyombo? Ilikuwa kana kwamba mtu amemtazama usoni akakisoma cheo chake cha maisha yote.

Wengi wetu tungekwenda zetu. Yeye alinunua redio, na kwa miezi kadhaa akawa anawasikiliza watangazaji na kuyarudia maneno yao, sauti kwa sauti, mpaka lafudhi ya zamani ikalegea. Kusoma nako alikujifunza kwa njia ambayo walimu wanafaa kuisikia. Katika hoteli moja alimokuwa akiosha vyombo palikuwa na mhudumu mzee wa Kiyahudi. Usiku mmoja, kazi zikiwa zimekwisha, mzee yule alimwona ameshika gazeti, akamwuliza kuna habari gani. Kijana akakiri kwamba hawezi kumwambia kwa kuwa hajui kusoma vizuri. Basi mzee akajitolea kusoma pamoja naye. Kila usiku, baada ya meza kufutwa na wahudumu wengine kuketi kula, hao wawili walikaa kando na gazeti. Mzee alimwonyesha alama ya mkato ni ya nini, na neno refu huvunjwa vipi ili liweze kumezwa. Hakulipwa senti.

Poitier alipokuwa amepita miaka 80 aliulizwa habari za mzee huyo katika mahojiano ya televisheni, na machozi yakamlengalenga. Alijuta kwamba hakurudi mapema kumshukuru. Hawakuonana tena, na jina lake hatulijui.

Alirudi kwa American Negro Theatre. Mara hii aliwaomba wampokee awafagilie ukumbi bila ujira, mradi wamruhusu kujifunza. Wakakubali. Baadaye akawa mwigizaji wa akiba wa kijana mwingine mwenye asili ya visiwa hivyohivyo vya Karibi, Harry Belafonte. Usiku mmoja Belafonte hakuweza kufika kwa sababu ya kazi yake ya kibarua, Poitier akapanda jukwaani mahali pake, na mwelekezi mmoja aliyekuwa ukumbini akampa nafasi katika mchezo wa Lysistrata mwaka 1946. Usiku wa kwanza wa mchezo huo hofu ilimshika, akayasema maneno bila mpangilio; watu wakacheka wakidhani ndivyo ilivyokusudiwa, na wahakiki wakamsifu! Bahati nayo ina sehemu yake katika kazi hii, na asiyeisema hadanganyi ila nafsi yake.

Mwaka 1950 akaingia katika sinema kwa filamu ya No Way Out, akiigiza daktari. Daktari, wasomaji wangu. Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, tukumbuke hali ilivyokuwa. Kwa miongo mingi mtu mweusi katika sinema za Marekani alikuwa mpishi, yaya, mchukuzi wa mizigo au mwoga wa mizimu ambaye macho humtoka watu wakacheka. Mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, Hattie McDaniel mnamo 1940, aliipata kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani. Simlaumu mama yule. Alikula alichopikiwa, na alikipika upya kwa ustadi. Lakini ndiyo njia iliyokuwako, nyembamba, na kila aliyeipita aliizidisha kina.

Poitier alianza kusema hapana alipokuwa hana kitu, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Katikati ya miaka ya 1950 aliletewa nafasi katika filamu iitwayo The Phenix City Story. Alipaswa kuigiza mfagiaji ambaye bintiye anauawa na wahalifu ili kumnyamazisha, naye baba ananyamaza kweli, hasemi wala hatendi. Ujira ulikuwa dola 750 kwa wiki. Mkewe alikuwa karibu kujifungua mtoto wa pili, na fedha za hospitali hazikuwapo. Poitier aliikataa nafasi hiyo. Hakuna tusi lolote lililokuwa ndani yake, alieleza, ila yeye hakuweza kumwigiza baba wa namna hiyo, kwa kuwa babake mwenyewe, mkulima wa nyanya, asingenyamaza. Kisha akaenda kuweka samani za nyumbani rehani akakopa dola 75 za kulipia uzazi. Wakala aliyekuwa amempelekea kazi hiyo, Martin Baum, alishindwa kabisa kumwelewa. Baada ya muda alimwita akamwambia kwamba mtu mwenye wazimu wa kiasi hicho ndiye anayetaka kumsimamia, na wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Siku hizohizo mawakili wa studio na wa televisheni walimtaka atie sahihi hati ya kuwakana Paul Robeson na Canada Lee, wasanii wakubwa weusi waliokuwa wakiandamwa kwa sababu za kisiasa. Alikataa. Lee alikuwa amecheza naye katika Cry, the Beloved Country, iliyopigwa huko Afrika Kusini na kutolewa mwaka 1951, ambako sheria za ubaguzi ziliwalazimu hao wawili waingie nchini kama watumishi wa mwelekezi wa filamu. Mtu aliyeshiriki fedheha hiyo na mwenzake angewezaje kumkana kwa kalamu? Hata hivyo alipata kazi. Mwaka 1955 aliigiza katika mchezo wa televisheni wa A Man Is Ten Feet Tall, uliorushwa moja kwa moja hewani, na katika filamu ya Blackboard Jungle akawa mwanafunzi mkaidi darasani, ilhali umri wake ulikuwa unakaribia miaka 30.

Nisimfanye malaika. Kuna nafasi alizozichukua ambazo sisi Wakenya tuna haki ya kuziuliza maswali. Mwaka 1957 ilitoka filamu ya Something of Value, iliyopigwa humu nchini wakati wa Hali ya Hatari, ambamo Poitier ni Kimani, kijana Mkikuyu anayeingia Mau Mau. Hadithi ilitokana na riwaya ya Robert Ruark, Mmarekani aliyezoea kuja huku kuwinda wanyama. Poitier anampa Kimani heshima na uchungu wa kweli, na sehemu anayopigwa kofi na shemeji wa mzungu waliyekua pamoja haisahauliki. Lakini vita vya babu zetu vinaonekana pale kwa jicho la mwindaji aliyekaa varandani mwa shamba la mzungu. Mwigizaji bora hawezi kuiokoa hadithi ambayo si yeye aliyeiandika. Aidha, mwaka 1959 aliigiza katika Porgy and Bess baada ya kukataa na kushinikizwa mpaka akakubali, na hakuwahi kuificha chuki yake kwa kazi hiyo.

Mwaka huohuo wa 1959, hata hivyo, jina lake lilitufaa kwa namna nyingine. Tom Mboya alikuwa amezunguka Marekani akiwatafutia vijana wa Kenya nafasi za masomo. Vyuo viliwapa nafasi, nauli ikakosekana. Barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ilitumwa ikiwa na sahihi tatu: ya Jackie Robinson, mchezaji maarufu wa besiboli, ya Belafonte, na ya Poitier. Septemba mwaka huo ndege iliondoka na wanafunzi 81, na safari zilizofuata ziliwabeba mamia wengine. Baadhi yao walirudi wakawa walimu wa walimu wetu. Kila ninapoona picha ya wale vijana wamevaa suti zao mpya mlangoni mwa ndege, humkumbuka kijana aliyesomeshwa gazeti usiku katika hoteli.

Sifa zake baadaye zinajulikana, nami nitazipitia mbio. The Defiant Ones ya 1958 ilimfanya mwanamume mweusi wa kwanza kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Aprili 1964 aliitwaa tuzo yenyewe kwa Lilies of the Field, filamu ndogo iliyopigwa kwa siku 14 huko Arizona, ambamo ni kibarua anayewajengea watawa kanisa. Ilichukua miaka 38 kabla ya mwanamume mwingine mweusi kuipata, naye ni Denzel Washington, usiku uleule wa Machi 2002 ambao Poitier alitunukiwa Oscar ya heshima.

Mwaka 1967 zilitoka filamu zake tatu kwa mfululizo, ikiwamo hiyo ya mwalimu. Mojawapo, In the Heat of the Night, ina tukio ambalo walimu wa fasihi wangelitumia kufundishia ishara. Mpelelezi mweusi anamhoji tajiri mzungu wa Kusini. Tajiri anampiga kofi. Mpelelezi anamrudishia papo hapo. Poitier alishikilia kwamba kofi la pili lisikatwe popote filamu itakapoonyeshwa. Vilevile alikataa ipigwe huko Mississippi, kwa kuwa miaka mitatu nyuma yeye na Belafonte walikuwa wamepeleka fedha za vijana waliopigania haki ya kura mjini Greenwood, na magari ya Ku Klux Klan yakawafukuza usiku. Filamu ikapigwa kwa sehemu kubwa katika jimbo la Illinois.

Ndipo wenzake walipomgeukia. Septemba 1967 mwandishi mweusi, Clifford Mason, aliuliza katika gazeti la New York Times kwa nini Marekani ya wazungu inampenda Poitier kiasi hicho. Alidai kuwa wahusika wake wote ni wema kupita kiasi, hawana jamaa, hawana hasira, hawana mapenzi, wapo kuwafaa wazungu. Shutuma hiyo ilimwuma sana, na kwa maoni yangu haikuwa bure. Aliyekataa kuwa kichekesho alijikuta amefungwa ndani ya utakatifu. Ila nawauliza waliomshutumu: mwanamume mmoja anapobeba peke yake sura ya mamilioni, atathubutu vipi kuigiza mwizi? Dhambi ilikuwa ya waliofungua mlango ukatosha mtu mmoja tu. Yeye alijibu kwa kuhamia upande wa pili wa kamera. Kuanzia Buck and the Preacher ya 1972 alielekeza filamu mwenyewe, na Stir Crazy ya 1980, aliyoielekeza bila kuonekana ndani yake, iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Katikati ya hayo alirudi Kenya kupiga The Wilby Conspiracy, iliyotoka mwaka 1975, milima na barabara zetu zikijifanya Afrika Kusini.

Televisheni ilimpa, uzeeni, kazi ninayoipenda kuliko nyingi. Katika Separate but Equal ya 1991 aliigiza Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya 1954 iliyoharamisha ubaguzi katika shule za Marekani. Wanafunzi wa historia watakumbuka kwamba Marshall huyohuyo alikaa na wajumbe wetu katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, akiwasaidia kutunga sheria ya haki. Mwaka 1997 Poitier akamwigiza Nelson Mandela. Alifariki Januari 6, 2022, akiwa na miaka 94.

Sasa nirudi kwa bawabu wetu. Yamkini msomaji atanikumbusha kwamba televisheni ya taifa hili ililelewa na lafudhi; kwamba tulicheka na Vioja Mahakamani na Vitimbi tukalala tukiwa na furaha. Nami nilicheka. Lakini mwangalieni vyema Benson Wanjau, marehemu Mzee Ojwang', aliyetuaga mwaka 2015. Lafudhi ya Kijaluo tuliyoipenda haikuwa ya nyumbani kwao, alikuwa Mkikuyu. Aliisikiliza, akaifinyanga, akaivaa kama anavyovaa koti. Huo ni usanii. Kumpa mtoto nafasi ya bawabu kwa sababu hivyo ndivyo anavyosema siku zote si kumfundisha kuigiza. Ni kumwambia, kama O'Neal alivyomwambia muosha vyombo, kwamba tumeshamtazama tukajua mwisho wake.

Walimu wanaoandaa michezo nawaomba jambo dogo lisilo na gharama. Mnapowachagua wahusika, mwacheni kila mtoto asome nafasi mbili, moja inayoonekana kumfaa na moja isiyomfaa, kisha mmsikilize hadi mwisho. Lafudhi inayoziba maana inaweza kurekebishwa kwa mazoezi ya majuma machache. Redio zipo, na siku hizi hata simu ya mzazi inaweza kumnasa mtoto sauti yake akajisikiza. Lafudhi isiyoziba maana iachwe. Kuna daktari gani katika hospitali zetu asiye na lafudhi? Na waamuzi nao waache kuyapa alama makosa ya matamshi kana kwamba ni ucheshi. Wanafunzi mnaosoma haya, mkipewa nafasi inayowadhalilisha, mnaruhusiwa kumwuliza mwalimu kwa adabu ni kwa nini. Mwalimu mwema hatakasirika.

Rafiki yangu alinipigia simu mashindano yalipokwisha. Mchezo wao ulikomea ngazi ya kaunti ndogo. Bawabu alichekwa sana, alisema, na yule mvulana aliyekuwa daktari alipatwa na mafua siku mbili kabla, sauti ikakauka, wakalazimika kumpandisha jukwaani hivyohivyo akikohoa. Nilimwuliza kwa nini hawakumtafuta mwingine. Akanyamaza kidogo. Walikuwa wamerudi kwenye basi, akaniambia, ndipo alipomsikia bawabu akiwaigizia wenzake viti vya nyuma. Alikuwa ameyahifadhi maneno ya daktari yote.